Njia ya kiti mwendo isiyopimwa ni mtego: chukua futi kamba ukaipime leo



Leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni. Nataka tuzungumzie kile kipande cha zege kilicho mbele ya duka lako, mbele ya ghala la chama chenu cha msingi au mbele ya ofisi ya kijiji, kile kilichojengwa kwa mteremko ili mtu wa kiti mwendo apite. Wengi mnajivunia kuwa nacho. Mimi nasema vingi nilivyovipima havifai, na baadhi ni hatari kuliko ngazi zilizokuwapo mwanzo.

Ngazi haimdanganyi mtu. Mwenye kiti mwendo akiiona anajua hapapandiki, anaita msaada au anarudi zake. Njia kali ya zege inamkaribisha apande. Akifika katikati mikono inachoka, uzito unaangukia nyuma, magurudumu ya mbele yananyanyuka, na kinachofuata ni kisogo kwenye zege. Akishuka ni hatari nyingine: kiti kinachukua kasi, viganja vinaungua kwa kushika magurudumu, na chini kuna barabara ya bodaboda.

Hoja yangu ni moja. Njia ya mteremko isihukumiwe kwa kuwa ipo. Ihukumiwe kwa ukali wa mteremko wake, na ukali huo hupimwa kwa futi kamba. Usipopima, hujui ulichokijenga.

Mteremko mnaujua kuliko watu wa mjini

Kinachoniudhi ni kwamba wakulima hawana kisingizio cha kutojua mteremko. Wamatengo wa Mbinga wanachimba ngoro milimani tangu enzi za mababu, na wanajua maji yakiachwa yashuke moja kwa moja yatabeba udongo wote. Wakulima wa Lushoto wanajenga matuta ya ngazi kwenye miinuko ambayo mgeni akiiona anauliza jembe linashikwaje. Wengi wenu mmejifunza kutumia fremu A: miti miwili, mti wa katikati, kamba na jiwe. Hakuna anayekubali kuchimba kingamaji kwa kukadiria kwa macho, kwa sababu mvua ya kwanza tu itamuumbua.

Sasa mkulima huyo huyo akimwita fundi mwashi kujenga njia ya kiti mwendo, anasimama pembeni na kusema, "Weka tu hapo, inatosha." Inatosha kwa kipimo gani? Kwa shamba la mahindi tunapima, kwa mgongo wa binadamu tunakadiria.

Hesabu yenyewe ni moja kwa kumi na mbili

Kipimo kinachotumika sana duniani, pamoja na Marekani ambako kimo katika kanuni za majengo ya umma, ni 1 kwa 12. Maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ni mteremko wa asilimia 8 na kidogo. Huo ni ukomo, kwa hiyo ukiweza 1 kwa 15 au 1 kwa 20 mtumiaji atakushukuru zaidi.

Pima urefu wa kibaraza chako kutoka chini hadi sakafuni, zidisha kwa 12, utapata urefu wa njia:

- Kibaraza cha sentimita 15 (ngazi moja): njia ya sentimita 180.
- Sentimita 30 (ngazi mbili): sentimita 360.
- Sentimita 45 (ngazi tatu): sentimita 540, yaani karibu mita 5 na nusu.
- Sentimita 60 (ngazi nne): sentimita 720.
- Sentimita 90 (ngazi sita): sentimita 1080, na hapo lazima uikate katikati kwa sehemu tambarare ya kupumzikia. Kanuni za Marekani haziruhusu kipande kimoja kipande zaidi ya sentimita 76 bila mapumziko.

Linganisha na unayoyaona. Kibaraza cha sentimita 45, njia ya zege ya mita moja na nusu. Huo ni mteremko wa asilimia 30, mkali kuliko ukomo kwa zaidi ya mara tatu.

Kama namba hizi hazikuingii, zigeuze kuwa mzigo. Chukua mtu wa kilo 65 kwenye kiti cha kilo 20, jumla kilo 85. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12, ili asirudi nyuma mikono yake inazuia uzito wa kama kilo 7. Kwenye mteremko wa 1 kwa 4 inazuia uzito wa kilo 20 hivi, yaani ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hiyo ni kwa kusimama tu. Kupanda kunadai nguvu zaidi, na kila anapoachia gurudumu ili alishike upya, ndoo ile inamvuta nyuma. Wewe mwenye miguu miwili hupandi ngazi na ndoo iliyojaa bila kupumzika. Yeye umemwekea ndoo hiyo na hakuna pa kuitua.

Namna ya kupima iliyokwisha kujengwa

Unahitaji vitu vitatu: ubao ulionyooka wa sentimita 120, pima maji ya fundi na futi kamba. Fundi yeyote kijijini anavyo. Kazi haizidi dakika kumi.

1. Laza ubao juu ya njia, uelekee juu kama mtu anavyopanda. Weka pima maji juu ya ubao.
2. Ncha ya juu ibaki imegusa zege. Inua ncha ya chini polepole mpaka kipovu kikae katikati.
3. Ukiwa umeushikilia hivyo, mwenzako apime pengo kutoka chini ya ubao, kwenye ile ncha uliyoinua, kwenda chini wima hadi kwenye zege.
4. Pengo la sentimita 10 au pungufu: njia imefaulu. Zaidi ya 10 hadi 15: mtu asipande peke yake, na kama ni mahali pa umma panahitaji kurekebishwa. Zaidi ya 15: funga njia hiyo au ibomoe, kwa sababu itaumiza mtu.
5. Rudia chini, katikati na juu. Usipime mara moja ukaridhika. Mafundi wengi huanza vizuri, halafu nafasi ikiwaishia wanaipandisha ghafla mwishoni. Wastani unaonekana mzuri wakati mita ya mwisho ni ukuta.
6. Sasa laza ubao kukata njia, kutoka upande huu hadi huu, na pima tena kwa namna ile ile. Pengo lisizidi sentimita 2 na nusu. Njia iliyoinama upande inavuta kiti kuelekea ukingoni, na mtumiaji anasukuma kwa mkono mmoja huku mwingine ukizuia.

Pima maji nayo ipimwe kwanza. Iweke juu ya meza, soma kipovu, igeuze kichwa kuwa mkia, soma tena. Kipovu kikihama upande, hicho kifaa kimepinda na kitakudanganya.

Kosa kubwa: kushuka moja kwa moja uani

Hili ndilo linaloharibu njia nyingi, na mkulima anapaswa kuwa wa kwanza kuliona. Ukipima urefu wa kibaraza ukiwa umesimama kando ya ukuta unapata, tuseme, sentimita 45. Unazidisha kwa 12, unapata sentimita 540, unapima mita 5 na nusu kwenda mbele na kuanza kuchimba msingi. Lakini ua wenyewe unashuka! Ule mwisho wa njia haupo sentimita 45 chini ya sakafu, upo chini zaidi.

Chukua ua unaoshuka sentimita 5 kwa kila mita. Ukitaka njia inayokwenda mbele moja kwa moja ibaki 1 kwa 12, itakubidi uifikishe mita 13 na nusu. Fundi akiona hivyo anakata tamaa, anajenga mita mbili na kuondoka.

Dawa unaijua tayari. Shambani hupeleki tuta kuteremka na maji, unalipeleka kukata mteremko. Fanya hivyo hapa. Igeuze njia ifuate ukuta wa jengo, mahali ambapo ardhi haishuki. Pale pale kwenye ua ule ule, njia inayofuata ukuta inatosha kwa mita 5 na sentimita 40. Na kama upande mmoja wa jengo ardhi iko juu zaidi, anzia huko, utaokoa saruji zaidi. Fremu A uliyoitengenezea matuta itakuonyesha mstari wenyewe.

Kabla ya kujenga, tafuta kimo halisi kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Ujaze maji, ondoa mapovu. Ncha moja ishikwe mlangoni, maji yalingane na sakafu. Ncha nyingine ipelekwe pale njia itakapoanzia. Kutoka usawa wa maji hadi ardhini ndicho kimo chako. Hicho ndicho cha kuzidisha kwa 12.

Mambo mengine ya kukagua

Mteremko ukiwa sawa na haya yakiwa mabaya, mtu bado ataanguka.

- Upana. Usipungue sentimita 90. Mimi nashauri 120, kwa sababu vijijini wengi wanatumia baiskeli za magurudumu matatu za kuendesha kwa mikono, nazo ni pana na zinahitaji nafasi ya kukata kona.
- Sehemu tambarare. Juu mbele ya mlango na chini kabisa, kila moja iwe sentimita 150 kwa 150. Mtu hawezi kuzuia kiti kisirudi nyuma na kufungua mlango kwa wakati mmoja.
- Kingo. Pande zilizo wazi ziwe na ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke. Njia ikipanda zaidi ya sentimita 15, weka na vyuma vya kushikilia pande zote mbili, urefu wa sentimita 85 hadi 95.
- Juu ya zege. Msipige niru. Inang'aa siku ya uzinduzi, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Zege likiwa bado bichi lipitishie fagio la chelewa kukata njia, libaki na mistari.
- Kizingiti. Nimeona njia nzuri inayoishia kwenye kizingiti cha sentimita 8. Mtu amepanda yote, anakwama mlangoni.
- Vizuizi. Kreti za soda, magunia ya mkaa na pikipiki zinazoegeshwa juu ya njia. Kama wewe ndiye mwenye duka, hizo hakuna wa kuziondoa isipokuwa wewe.

Visingizio ninavyovisikia

*"Hapa kwetu hakuna mtu wa kiti mwendo."* Umewahi kumtafuta nyumbani kwake? Humuoni dukani kwa sababu huingiliki dukani kwako. Tena hesabu na wengine: mzee wa mkongojo, mama aliyevunjika mguu, kijana aliyeanguka na bodaboda mwezi uliopita. Wazee walisema hujafa hujaumbika. Kibaraza hicho kipo, na siku moja kinaweza kukukatalia wewe.

*"Akija tutambeba."* Huyu ni mtu mzima, si gunia la mahindi. Anayebebwa anaingia pale tu wabebaji wakiwapo, anatoka pale wakipenda, na akiangushwa anaambiwa pole. Na hapa ndipo penye jambo zito ninalotaka viongozi wa vyama vya msingi walisikie. Mkulima wa korosho au ufuta anayebaki nje ya ghala haioni mizani. Anapelekewa karatasi imekwisha andikwa kilo. Anasaini kwa macho ya mtu mwingine. Ninyi wenye miguu mnagombana kila msimu kuhusu mizani na lumbesa huku mmesimama mbele ya mizani yenyewe. Yeye ambaye hawezi hata kuisogelea, mnadhani anapunjwa mara ngapi? Ni hivyo hivyo kwenye ofisi ya kijiji wakati wa kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku. Asiyeweza kuingia anategemea mwingine amsemee ekari zake.

*"Nafasi haitoshi."* Basi usijenge njia kali kuziba pengo. Igeuze ifuate ukuta, au ikunje kwa kona yenye sehemu tambarare. Ikishindikana kabisa, toa huduma nje: mizani itolewe, daftari litolewe, meza iwekwe kivulini, na iwe utaratibu wa kila siku, bila mtu kuombaomba. Huduma ya nje yenye heshima ni bora kuliko zege la kuvunja watu shingo.

*"Msingi uliinuliwa kuzuia unyevu usiingie kwenye mazao."* Sababu hii ni ya kweli. Maji ya mvua yakiruka yanalowesha magunia, na unyevu unaleta ukungu na sumukuvu. Lakini kwa jengo jipya jiulize kama unahitaji sentimita 60. Mara nyingi msingi wa sentimita 20 au 30, mfereji mzuri wa maji kuzunguka jengo na chaga chini ya magunia vinatosha. Kila sentimita unayoipunguza kwenye msingi inakuokolea sentimita 12 za njia.

*"Ni gharama."* Tupige hesabu. Njia ya sentimita 540 kwa upana wa 120, zege la juu likiwa na unene wa sentimita 10, ni kama theluthi mbili ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni mifuko minne hadi mitano ya saruji, bila kuta za pembeni. Ndani unajaza mawe na udongo ulioshindiliwa, vitu ambavyo kijijini havinunuliwi. Ile fupi ya mita moja na nusu inakula mfuko mmoja na kidogo. Hivyo mlichookoa kwa kujenga ile mbovu ni mifuko mitatu hivi. Chama kinachokusanya tani za korosho kinashindwa mifuko mitatu?

Na wewe mfanyabiashara, njia hiyo hiyo ndiyo utakayopitishia toroli la saruji na mkokoteni wa unga. Vibarua wanaopanda ngazi na gunia kichwani wataipenda kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sheria ipo, lakini haishiki futi

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Majengo yanayotoa huduma kwa umma yanatakiwa yafikike. Huo si ukarimu wa mwenyekiti wala wa mfadhili.

Tatizo ni kwamba sheria ikifika kijijini inageuka kuwa alama ya tiki. Mkaguzi anauliza, "Njia ipo?" Anajibiwa, "Ipo." Anaweka tiki, anaondoka. Hakuna aliyeuliza pengo ni sentimita ngapi. Kwa mtindo huo fedha zinaliwa na zege lisilofaa, picha zinapigwa, na mhusika mwenyewe anaendelea kukaa nje juani. Ninyi wajumbe wa kamati za ujenzi, msipokee kazi ya fundi bila ubao wa sentimita 120. Mwandikieni kwenye makubaliano kabla hajaanza: pengo likizidi sentimita 10 anarudia kwa gharama yake. Mtaona jinsi atakavyopima.

Na kabla ya kupokea kazi hiyo, mwiteni mtumiaji wa kiti mwendo aijaribu, watu wawili wakiwa nyuma yake kwa usalama. Mlipeni nauli na muda wake kama mnavyomlipa fundi. Msimwite siku ya kukata utepe tu.

Wiki hii

Kabla ya Jumapili, azima pima maji, chukua ubao na mtoto wa shule akuandikie namba. Pima njia ya duka lako, ya ghala, ya zahanati, ya shule na ya nyumba ya ibada. Andika pengo la kila moja kwa chaki pale pale ukutani ili kila anayepita alione. Zilizofaulu wapongezwe waliozijenga. Zilizozidi sentimita 15 zifungwe kwa kamba leo, na hoja ya kuzirekebisha ipelekwe kwenye mkutano ujao wa kijiji ikiwa na namba zake. Mwenyekiti anaweza kubishana na malalamiko yako. Namba iliyoandikwa ukutani ataipinga tu kwa kuleta ubao wake na kupima upya, na hilo ndilo tunalolitaka.